Ukusanyaji wa magari ya misuli

Magari ya misuli ni jina la kundi la magari ya Marekani yenye milango miwili, bodi ya ukubwa wa kati na injini kubwa ya V8, yaliyotengenezwa hasa kati ya miaka 1964 na 1973. Injini hukaa mbele na nguvu yake hupelekwa kwenye magurudumu ya nyuma. Yalikusudiwa zaidi kwa vijana waliotaka gari lenye kasi kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida aliweza kuimudu.

Leo magari hayo hukusanywa, hukarabatiwa na kuuzwa mnadani kama vitu vya kihistoria. Wanaoyamiliki wanakabiliwa na tatizo moja ambalo wakusanyaji wa stempu au saa hawana: injini nyingi za magari hayo ziliundwa kwa petroli ambayo haiuzwi tena. Petroli hiyo ilikuwa na okteni ya juu kwa sababu ilitiwa madini ya risasi, na risasi ni sumu. Kwa hiyo mwenye gari anayetaka kuliendesha hulazimika ama kubadilisha injini, ama kubadilisha mafuta, ama kuliacha gari lisimame.

Historia

Chanzo

Wazo la kuweka injini yenye nguvu katika gari lisilo zito lilikuwepo kabla ya miaka ya 1960. Oldsmobile Rocket 88 ya mwaka 1949 hutajwa mara nyingi kama mtangulizi. Mwaka 1955 kampuni ya Chrysler ilitoa gari la C-300 lenye injini ya nguvu farasi 300, lakini lilikuwa gari la bei kubwa.

Gari linalohesabiwa na wengi kuwa la kwanza la misuli ni Pontiac GTO ya mwaka 1964. Wakati huo kampuni mama ya General Motors ilikuwa na sheria ya ndani iliyozuia magari yake ya ukubwa wa kati kuwa na injini iliyozidi inchi za ujazo 330. Mhandisi mkuu wa Pontiac, John DeLorean, na wenzake walikwepa sheria hiyo kwa kuiuza GTO si kama gari jipya, bali kama nyongeza ambayo mnunuzi wa Pontiac Tempest LeMans angeweza kuilipia. Nyongeza hiyo ilileta injini ya inchi za ujazo 389 (lita 6.4) yenye nguvu farasi 325, au 348 ikiwa na kabureta tatu. Magari 32,450 yaliuzwa katika mwaka wa kwanza, na kampuni nyingine zikafuata njia hiyo.

Kilele

Kati ya miaka 1966 na 1970 kampuni zilishindana kuongeza ukubwa wa injini. Baadhi ya magari yanayojulikana sana ni haya:

- Chevrolet Chevelle SS. Toleo la mwaka 1970 liliweza kuagizwa na injini ya LS6 ya inchi za ujazo 454 (lita 7.4), iliyotangazwa kuwa na nguvu farasi 450.
- Plymouth Road Runner ya mwaka 1968, gari lililoondolewa anasa nyingi ili bei yake ibaki chini ya dola 3,000.
- Dodge Charger na Plymouth Barracuda, ambazo ziliweza kuwekewa injini ya Hemi ya inchi za ujazo 426 (lita 7.0).
- Oldsmobile 442, ambayo tarakimu zake hapo mwanzo zilimaanisha kabureta yenye matundu 4, giaboksi ya gia 4 na mabomba 2 ya moshi.
- Dodge Charger Daytona ya mwaka 1969 na Plymouth Superbird ya mwaka 1970, zenye pua ndefu na bawa refu nyuma, zilizotengenezwa ili kukidhi masharti ya mashindano ya NASCAR.

Ford Mustang ya mwaka 1964 na Chevrolet Camaro ya mwaka 1967 zilikuwa ndogo kidogo, na wataalamu wengine huziweka katika kundi lao peke yake. Hata hivyo, matoleo yao yenye injini kubwa hukusanywa pamoja na magari ya misuli.

Mwisho

Mambo kadhaa yalimaliza kipindi hicho kwa muda mfupi. Kampuni za bima zilipandisha ada kwa madereva vijana wa magari yenye nguvu. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1970 iliagiza kampuni zipunguze sana moshi wenye sumu. Katika matoleo ya mwaka 1971 General Motors ilipunguza mgandamizo wa injini zake ili ziweze kutumia petroli yenye risasi kidogo au isiyo na risasi kabisa. Mwaka 1972 kampuni zilianza kutangaza nguvu ya injini ikiwa na vifaa vyake vyote, kama inavyokuwa ndani ya gari, na tarakimu zilizotangazwa zikashuka ghafla. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliacha kuiuzia Marekani, na foleni ndefu zikaonekana kwenye vituo vya petroli. Gari lililotumia lita 20 hadi 25 kwa kilomita 100 lilikosa wanunuzi.

Injini na mgandamizo

Katika injini ya petroli, pistoni hupanda na kuugandamiza mchanganyiko wa hewa na mafuta kabla plagi haijatoa cheche. Uwiano wa mgandamizo huonyesha ni mara ngapi nafasi ya silinda inapunguzwa. Ukiwa 10:1, mchanganyiko uliojaza sehemu kumi hubanwa ukae katika sehemu moja. Uwiano mkubwa huiwezesha injini kupata nguvu zaidi kutoka kwa kiasi kilekile cha mafuta.

Injini za magari ya misuli zilikuwa na uwiano mkubwa. Hemi ya 426 ilikuwa na 10.25:1, na LS6 ya mwaka 1970 ilikuwa na 11.25:1. Magari mengi ya kisasa pia yana uwiano wa 10:1 au zaidi, lakini yana kompyuta inayorekebisha wakati wa cheche mara elfu kadhaa kwa dakika, na kihisi kinachosikiliza kama injini inagonga. Gari la mwaka 1969 lina kabureta na distribyuta tu. Haliwezi kujua ni mafuta gani yametiwa ndani yake.

Mchanganyiko ukibanwa kupita uwezo wa mafuta, sehemu yake huwaka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Mlipuko huo husikika kama mlio wa chuma kikigongwa, ndiyo maana mafundi husema injini "inagonga". Kugonga kukiendelea huweza kutoboa pistoni, kuharibu gasketi ya silinda hedi na kuvunja ringi. Okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kuzuia hali hiyo. Okteni kubwa haimaanishi kwamba mafuta yana nishati zaidi.

Petroli yenye risasi

Tarehe 9 Desemba 1921, Thomas Midgley na wenzake katika maabara ya General Motors mjini Dayton, Ohio, waligundua kwamba kiasi kidogo cha kemikali iitwayo tetraethili ya risasi huzuia injini kugonga. Petroli yenye kemikali hiyo ilianza kuuzwa mjini humo Februari 1923. Mwaka 1924 General Motors na Standard Oil ya New Jersey ziliunda kampuni ya Ethyl ili kuiuza. Oktoba mwaka huohuo wafanyakazi 5 wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa kwa sumu ya kemikali hiyo baada ya kupatwa na wazimu. Uuzaji ulisimamishwa kwa muda, kisha ukaruhusiwa tena mwaka 1926.

Risasi ilikuwa na faida ya pili. Mabaki yake yalitanda kama utando mwembamba kwenye viti vya vali na kuzuia metali mbili za moto zisishikane. Kwa sababu hiyo viwanda viliweza kutumia chuma cha kawaida kwenye viti hivyo.

Madhara yake kwa afya yalikuwa makubwa. Risasi iliyotoka kwenye mabomba ya moshi iliingia hewani, kwenye vumbi na kwenye udongo wa kandokando ya barabara. Ikiingia mwilini huharibu ubongo, figo na mfumo wa damu, na huwadhuru zaidi watoto wadogo, ambao uwezo wao wa kujifunza hupungua. Katika miaka ya 1960 mwanajiokemia Clair Patterson alionyesha kwamba risasi katika miili ya watu na katika mazingira ilikuwa imezidi sana kiwango cha asili, na kampuni za risasi zilimpinga vikali.

Kuanzia Julai 1974 vituo vikubwa vya Marekani vililazimika kuuza petroli isiyo na risasi, kwa sababu magari ya mwaka 1975 yalikuwa na kifaa cha kichocheo kinachosafisha moshi, nacho huharibiwa na risasi. Kati ya miaka 1976 na 1980 wastani wa risasi katika damu ya Wamarekani ulishuka kwa takriban asilimia 37, sambamba na kupungua kwa risasi katika petroli. Mwaka 1986 kiwango kilichoruhusiwa kilishushwa hadi gramu 0.1 kwa galoni moja. Kuanzia tarehe 1 Januari 1996 petroli yenye risasi ilipigwa marufuku kwa magari yote ya barabarani nchini humo.

Kumalizika duniani na nafasi ya Afrika

Juni 2001 wawakilishi wa nchi za Afrika Kusini kwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, na kukubaliana kuondoa petroli yenye risasi. Mwaka 2002 ushirikiano wa kimataifa wa mafuta safi uliundwa kwenye mkutano wa Johannesburg, na shughuli zake ziliratibiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) lenye makao yake makuu Nairobi, Kenya. Kufikia mwanzo wa mwaka 2006 nchi za Afrika Kusini kwa Sahara, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, zilikuwa zimeacha kuuza petroli hiyo. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, iliyoacha Julai 2021. UNEP ilitangaza mwisho huo tarehe 30 Agosti 2021, ikikadiria kwamba hatua hiyo inazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Kulinganisha okteni ya zamani na ya sasa

Wamiliki wapya mara nyingi hukosea wanaposoma vitabu vya zamani vya magari. Kuna vipimo viwili vya maabara: RON, unaofanywa injini ikiwa na kazi nyepesi, na MON, unaofanywa katika hali ngumu zaidi. MON kwa kawaida huwa chini ya RON kwa pointi 8 hadi 10. Ulaya na Afrika pampu huonyesha RON. Marekani ya leo pampu huonyesha wastani wa RON na MON.

Petroli bora ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa na RON ya 99 au 100 hivi. Petroli bora ya leo nchini humo huandikwa 91 hadi 93, na mtu akilinganisha tarakimu hizo huona pengo la pointi 6 au zaidi. Lakini petroli iliyoandikwa 93 kwa wastani ina RON ya karibu 98. Pengo la kweli ni pointi 1 au 2 kwa 93, na kubwa zaidi kwa 91. Injini yenye uwiano wa 9.5:1 iliyorekebishwa vizuri kwa kawaida huweza kutumia petroli bora ya leo. Injini kama LS6 ya 11.25:1 hupata shida, hasa siku ya joto na gari likiwa na mzigo.

Matatizo mengine ya petroli ya leo

Viti vya vali

Bila risasi, vali ya kutolea moshi inaweza kushikana kwa nukta ndogondogo na kiti chake cha chuma laini na kukimega polepole. Vali huzama ndani ya silinda hedi, nafasi ya vali hupotea, na mwishowe silinda hupoteza mgandamizo. Uharibifu huu hutokea zaidi gari likiendeshwa kwa kasi kubwa kwa muda mrefu au likivuta mzigo. Gari linalotoka mara chache kwenda kwenye maonyesho linaweza kukaa miaka mingi bila dalili.

Ethanoli

Petroli nyingi ya Marekani ina ethanoli kufikia asilimia 10. Ethanoli huongeza okteni, lakini ina nishati pungufu kwa karibu theluthi moja kwa kila lita, na huleta oksijeni ya ziada. Kabureta iliyopangwa kwa petroli tupu hutoa mchanganyiko wenye mafuta machache kuliko inavyotakiwa, na injini huchemka zaidi. Ethanoli pia hulainisha na kupasua mipira ya mafuta ya zamani, huvuta unyevunyevu kutoka hewani, na husababisha kutu kwenye tangi. Maji yakizidi, ethanoli na maji hujitenga na petroli na kushuka chini ya tangi, mahali pampu inaponyonya. Mpira wa mafuta unaovuja juu ya injini ya moto ni chanzo cha gari kuungua. Petroli yenye ethanoli asilimia 15 hairuhusiwi na mamlaka ya mazingira ya Marekani kwa magari yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 2001.

Njia zinazotumiwa na wakusanyaji

- Kurekebisha wakati wa cheche. Fundi huchelewesha cheche kwa digrii chache ili kuzuia kugonga. Ni njia ya bei ndogo na inaweza kurudishwa, lakini injini hupoteza nguvu na hupata joto zaidi ikizidishwa.
- Kupunguza mgandamizo. Wakati wa kufungua injini, pistoni hubadilishwa au gasketi nene zaidi huwekwa, ili uwiano ushuke hadi 9:1 au 9.5:1.
- Viti vigumu vya vali. Karakana hukata viti vya zamani na kupachika vya chuma kigumu, pamoja na vali za chuma cha pua. Baada ya hapo gari halihitaji risasi wala dawa ya kuongeza.
- Dawa za kuchanganya. Baadhi huongeza okteni na nyingine hulinda viti vya vali bila risasi. Chupa nyingi hutangaza kuongeza "pointi", na pointi moja katika matangazo hayo mara nyingi ni sehemu ya kumi ya okteni moja.
- Petroli ya mashindano. Huuzwa ikiwa na okteni ya 100 au zaidi, kwa bei kubwa. Wamiliki wengine huichanganya na petroli bora ya kawaida. Ile yenye risasi ni halali kwenye viwanja vya mashindano tu.
- Kubadili mipira, pampu na vifaa vya kabureta kwa vile vinavyostahimili ethanoli, au kutafuta vituo vinavyouza petroli isiyo na ethanoli.

Wengine hutumia petroli ya ndege ndogo, iitwayo 100LL. Mafuta hayo bado yana risasi hadi gramu 0.56 kwa lita, hayakupangwa kwa injini za magari na hayaruhusiwi barabarani. Anayeyatumia katika gereji iliyofungwa hujiletea yeye na familia yake sumu ileile iliyofanya petroli yenye risasi ipigwe marufuku barabarani. Marekani imejiwekea lengo la kuyaondoa hata katika ndege kufikia mwisho wa mwaka 2030.

Kutunza gari lisilotembea

Magari mengi ya makusanyo hutembea kilomita chache kwa mwaka. Petroli ya leo huanza kuharibika baada ya miezi michache: sehemu zake nyepesi huyeyukia hewani na zile nzito hubaki kama gundi kwenye matundu ya kabureta. Wakusanyaji hutia dawa ya kuhifadhi petroli wakati bado ni mpya, huendesha injini dakika kadhaa ili ifike kwenye kabureta, kisha hujaza tangi ili kupunguza nafasi ya hewa yenye unyevunyevu. Wengine humwaga mafuta yote. Kuwasha injini kwa dakika mbili na kuizima hakusaidii, kwa sababu maji yanayotokana na mwako hubaki ndani ya mabomba na oili.

Uhalisi na bei

Thamani ya gari la misuli hutegemea sana uhalisi. Wanunuzi hutazama kama namba zilizopigwa kwenye injini na giaboksi zinalingana na namba ya chesisi. Magari ya kawaida yaligeuzwa mara nyingi yafanane na matoleo adimu, hivyo karatasi za kiwandani zina thamani kubwa. Gari ambalo halijawahi kupakwa rangi upya linaweza kutafutwa kuliko lililokarabatiwa likang'aa.

Hapa ndipo suala la mafuta linapogusa pesa. Kukata viti vya vali au kubadilisha pistoni kunalifanya gari litumike kwa usalama, lakini baadhi ya wanunuzi huona ni kupoteza uhalisi. Suluhisho la kawaida ni kuhifadhi injini ya asili katika kabati au juu ya stendi, na kuendesha gari kwa injini nyingine inayofanana nayo.

Bei zilipanda sana katikati ya miaka ya 2000, zikashuka wakati wa msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008, kisha magari adimu yakapanda tena. Mwaka 2014 Plymouth Hemi 'Cuda ya paa la kukunja ya mwaka 1971 iliuzwa kwa dola milioni 3.5. Januari 2020 Ford Mustang iliyotumika katika filamu ya Bullitt ya mwaka 1968 iliuzwa kwa dola milioni 3.4 kabla ya ada za mnada. Magari yenye injini ndogo au mgandamizo mdogo wa baada ya mwaka 1971 huuzwa kwa bei ya chini zaidi, na kwa kuwa hukubali petroli ya kawaida bila marekebisho mengi, humfaa anayeanza.

Mjadala

Wapo wanaosema kwamba gari la aina hii lisiloendeshwa limepoteza maana yake, kwa sababu lilitengenezwa kwa ajili ya kasi na mlio wake. Wengine huona kwamba magari machache yaliyobaki katika hali ya kiwandani yahifadhiwe kama yalivyo, hata kama hayatatembea tena. Kuhusu risasi mjadala umepungua. Viti vigumu vya vali na marekebisho ya mgandamizo vimeonyesha kwamba injini hizo zinaweza kufanya kazi bila risasi, na kampuni za vipuri hutengeneza silinda hedi mpya za alumini zinazofaa kwa petroli ya leo.

Tazama pia

- Injini ya mwako ndani
- Petroli
- Risasi (metali)
- Ethanoli
- Ford Mustang
- Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa